Mafuta ya Sili Chini ya Mawe

Kublu alirudi kutoka shuleni akamkuta bibi yake amekaa sakafuni jikoni, juu ya boksi lililopasuliwa na kutandikwa, akichuna sili, mnyama wa bahari za barafu. Kisu chake chenye umbo la nusu mwezi kilipita kati ya ngozi na mafuta bila kusitasita. Redio ya kijiji ilikuwa ikitangaza nani amepoteza glavu na nani anauza pikipiki ya theluji.

"Baba, umerudi?" bibi aliuliza bila kuinua uso.

"Nimerudi, binti yangu," Kublu alijibu, akatupa mkoba karibu na mlango.

Kublu alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na Bibi Qaunaq alikuwa mzazi wa mama yake. Lakini alipozaliwa alipewa jina la baba wa bibi, mwindaji mashuhuri aliyekwisha kufariki, na katika pwani ile anayerithi jina hurithi na nafasi ya mwenye jina. Kwa hiyo bibi alimwita baba, naye alimwita bibi binti yake, na hakuna aliyeona ajabu. Mjomba Kalluk tu ndiye aliyefanya utani. Kila akiingia alivua kofia, akainama na kusema, "Shikamoo, babu," na Kublu akajibu kwa sauti nzito, "Marahaba, mjukuu wangu." Mama yake Kublu alikuwa mpishi mgodini na hukaa huko kwa majuma kadhaa, hivyo nyumbani walikuwa wawili tu, baba na binti yake.

"Kata kipande ule," bibi alisema, akimwonyesha nyama. "Kisha upeleke mfuko huu kwenye kontena kabla giza halijaingia. Ufunge komeo vizuri."

Mfuko ulikuwa wa mafuta na matumbo ya sili, chakula cha mbwa. Kontena la chuma lilikuwa mbali, ng'ambo ya uwanja wa ndege, na njia ya kwenda huko ilielekea upepo unakotoka. Halmashauri ya kijiji ililiweka huko tangu barafu ya ghuba ilipoanza kuchelewa. Zamani, mwezi wa Novemba kama huu bahari ilikuwa imeshaganda, na dubu weupe wameshaingia barafuni kuwinda sili. Siku hizi maji yalibaki meusi hadi upeo wa macho, na dubu wakarandaranda ufukweni na matumbo matupu. Kwa sababu hiyo ilipigwa marufuku kuweka nyama au mafuta nje, karibu na nyumba za watu.

Kublu alifunga mfuko juu ya sleji yake ndogo ya kuburuta thelujini, akatoka. Hajafika mbali akasikia jina lake.

"Kublu! Unakwenda wapi na hiyo harufu?" Alikuwa Liitia, rafiki yake, anakimbia huku koti halijafungwa. "Mwalimu anachagua timu ya voliboli sasa hivi! Wanaochaguliwa ndio watakaopanda ndege kwenda mashindano. Ukichelewa, kazi yako itakuwa kutupigia makofi uwanjani."

"Nimetumwa kontenani."

"Basi nenda, mzee. Nikirudi nitakuletea picha." Liitia akacheka, akashika njia ya shule.

Kublu alisimama akatazama uwanja wa ndege. Upepo ulimchoma usoni. Kisha akatazama nyuma ya nyumba yao, mahali ilipofunikwa mashua mbovu ya jirani yao, Mzee Tatiggaq. Pale palikuwa na mawe mengi ya ufukweni. Bibi mwenyewe alimsimulia mara nyingi jinsi baba yake alivyofukia nyama ya sili chini ya mawe, ikakaa mpaka ikahitajika. Sasa kama baba wa bibi alifukia, na yeye Kublu ndiye baba wa bibi, kosa liko wapi? Hoja hiyo ilimpendeza kiasi kwamba hakutaka kuichunguza zaidi. Alichimba kidogo kwenye changarawe, akatumbukiza mfuko, akapanga mawe juu yake na kuyafunika kwa theluji. Alijiahidi kuutoa kesho, akakimbia shuleni.

Alichaguliwa. Alirudi nyumbani mashavu mekundu, amejaa maneno, na bibi akafurahi pamoja naye. Kisha akamuuliza, "Kontena umelifunga?"

"Nimelifunga."

"Komeo zote?"

"Zote, binti yangu."

Uongo ulimtoka laini mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Bibi hakumuuliza tena. Angemuulizaje tena baba yake?

Kesho yake ulivuma upepo wenye theluji, na baada ya shule kulikuwa na mazoezi. Siku iliyofuata mawe yalikuwa yameshikana na ardhi kwa barafu, hata teke halikuyatikisa. Kublu aliona ni afadhali ayaache. Kitu kilichoshikana hivyo, alijiambia, nani atakitoa?

Asubuhi moja watu waliamshwa na mbwa wa Mzee Tatiggaq. Mzee huyo alikuwa mmoja wa wachache waliobaki kijijini wanaofuga mbwa wa kuvuta sleji, na siku hiyo mbwa wake walibweka mpaka sauti zikawakauka. Dubu jike alikuwa amesimama karibu na mashua mbovu, na nyuma yake mtoto wake. Mjomba Kalluk, aliyekuwa mkuu wa walinzi wa dubu, alifika na wenzake wakarusha fataki. Dubu aligeuka, akaondoka taratibu kama mtu aliyeambiwa duka halijafunguliwa.

Kesho yake akarudi, tena mchana kweupe, na wanafunzi wakazuiwa kutoka madarasani. Kublu alimwona kupitia dirisha la darasa. Alikuwa mkubwa lakini amekonda, ngozi imelegea kiunoni. Mtoto wake alijikwaa, akakaa, akanyanyuka tena kumfuata mama yake. Dubu hakuangalia shule wala mbwa. Pua yake ilielekea mashua mbovu moja kwa moja. Walinzi walimfukuza kabla hajafika, na safari hii iliwabidi warushe fataki nyingi.

Kublu alijua. Dubu alikuwa akiufuata mfuko wake. Alitaka kumwambia Liitia, lakini Liitia alikuwa akibishana na wavulana kuhusu nani angekimbia kwanza dubu akiingia darasani.

Siku hiyo Mjomba Kalluk alikuja kunywa chai. Hakuvua kofia wala hakumwita Kublu babu. Alikaa, akatia sukari nyingi kwenye kikombe chake, akakoroga muda mrefu.

"Mama, hali si nzuri," alimwambia Bibi Qaunaq. "Dubu akishtuliwa mara moja, huenda zake. Huyu anarudi palepale. Kuna kitu anakitaka, na sasa hata fataki hazijali."

"Hawa wageni wanaokuja na kamera kupiga picha za dubu wanasema dubu wanaisha," bibi alisema. "Waje wakae kwenye kibaraza changu."

"Waje na chai yao." Kalluk alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Hawaishi, wana njaa. Barafu haijaja, sili hawakamatiki bila barafu. Anasikia harufu ya mafuta kutoka mbali, na ana mtoto wa kulisha. Ningekuwa mimi ningerudi pia." Alinywa funda moja. "Nadhani ni Mzee Tatiggaq. Kibanda chake cha chakula cha mbwa ni cha mbao. Anasema hakuna kitu ndani, lakini nani mwingine anakaa pale?"

"Tatiggaq si mwongo."

"Sijasema mwongo, mama. Mtu husahau." Kisha akamgeukia Kublu. "Na ule mfuko wa sili niliyewaletea? Uliupeleka?"

Kabla Kublu hajafungua mdomo, bibi aliweka kisu chini kwa kishindo. "Kalluk, unamuuliza nani? Huyu ni baba yangu. Akisema amepeleka, amepeleka. Baba hakuwahi kunidanganya tangu nizaliwe."

Kublu aliitikia kwa kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na chai yote iliyobaki kwenye kikombe chake ilipoa bila kuguswa.

"Haya," Kalluk alisema, akisimama. "Nimeshawaambia walinzi. Dubu akirudi tena hatutarusha fataki. Tutampiga risasi kabla hajamdhuru mtoto wa mtu."

"Na mtoto wake?" Kublu aliuliza.

"Mtoto wa dubu bila mama hawezi kuishi hata msimu mmoja, babu. Itabidi tummalize naye." Alivaa glavu, akatoka.

Siku iliyofuata, wanafunzi waliporuhusiwa kwenda nyumbani kula chakula cha mchana, Kublu alimkuta bibi amekaa karibu na redio na kuongeza sauti. Saa hiyo ndiyo saa ya watu kupiga simu redioni, na kijiji kizima husikiliza. Leo wote walizungumza jambo moja. Mwanamke mmoja alisema watoto wake hawachezi nje kwa sababu ya uzembe wa mtu mmoja. Mwanamume mmoja akasema mbwa wamepitwa na wakati, wenye pikipiki hawaleti dubu. Mwingine, bila kutaja jina, alisema uzee nao una mwisho wake. Kila mtu alijua anasemwa nani.

Kisha ikasikika sauti ya Mzee Tatiggaq mwenyewe. Hakugomba. Alizungumza polepole, na mara mbili alinyamaza mpaka mtangazaji akamuuliza kama bado yupo.

"Nimefuga mbwa tangu nilipokuwa kijana," alisema. "Kibandani mwangu hamna kitu. Nimefagia, nimekagua, nimekagua tena. Lakini kama kijiji kinasema ni mimi, labda ni mimi, labda macho yangu hayaoni. Kesho nitawagawa mbwa wangu. Anayewataka aje. Samahanini kwa usumbufu."

Bibi Qaunaq alishika kitambaa cha meza akakikunja, akakikunjua. "Atakufa yule, bila mbwa wake," alisema.

Kublu alitazama dirishani. Barabarani gari la walinzi lilikuwa limesimama, na Mjomba Kalluk alikuwa nje yake, bunduki begani, akitazama rasi upande wa kaskazini kwa darubini. Aliacha kutazama, akawapungia wenzake mkono wakae tayari.

Kublu alipiga moyo konde, akainua simu ya ukutani. Namba ya redio kila mtoto wa kijiji aliijua kwa moyo.

"Uko hewani," alisema mtangazaji, Mama Uviluq. "Punguza redio yako, mwanangu, inapiga kelele."

Kublu hakuwa na nafasi ya kuipunguza. Bibi alinyoosha mkono akaipunguza mwenyewe, huku akimtazama kwa mshangao. Hata hivyo sauti ya Kublu ilisikika mara mbili jikoni mle, mara moja kutoka kinywani mwake na mara moja kutoka redioni.

"Mimi ni Kublu, mjukuu wa Qaunaq. Si Mzee Tatiggaq. Ni mimi. Niliambiwa nipeleke mafuta ya sili kontenani, sikupeleka, niliyafukia chini ya mawe nyuma ya mashua. Nilitaka kuwahi voliboli. Nikasema nimepeleka." Alivuta pumzi. "Mjomba Kalluk, kama unasikia kwenye gari, usimpige. Tafadhali usimpige. Nakuja kukuonyesha."

Alikata simu. Hakuthubutu kumtazama bibi, akachukua koti na kutoka mbio.

Kalluk alikuwa amesikia. Alikuwa ameshageuza gari, na mtalimbo wa chuma umelala nyuma. "Wapi?" aliuliza tu. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu, na Kublu ilimbidi aangalie ncha ya mashua, akumbuke alivyosimama siku ile, kisha akaonyesha. Kalluk alipiga mawe kwa mtalimbo, vipande vya barafu vikaruka. Walinzi wawili walisimama kando na bunduki, macho yao kwenye rasi.

"Anakuja," mmoja wao alisema.

Dubu alikuwa akitembea ufukweni, kichwa chini, mtoto nyuma yake. Hakuwa na haraka.

"Ngoja!" Kalluk alisema bila kugeuka. Jiwe la kwanza likaachia, la pili likaachia. Kublu aling'oa mengine kwa mikono, glavu zikachanika. Mfuko ulitoka umeganda kama gogo. Wakautupa kwenye gari, na Kalluk akaamuru mawe yenye mafuta yapakiwe pia, hata changarawe chini yake. Kisha akamsukuma Kublu ndani ya gari na kuliondosha kuelekea uwanja wa ndege.

Walisimama mbali, wakatazama nyuma. Dubu alifika kwenye mashua. Alinusa shimo, akalinusa tena, akalichimbua kidogo. Mtoto akaingiza kichwa naye, akakitoa kikiwa na theluji puani. Walinzi walikuwa wamewaelekezea bunduki, na Kublu alihesabu pumzi zake mwenyewe. Halafu fataki moja ikalia. Safari hii dubu hakuwa na sababu ya kung'ang'ania. Aligeuka, akapita kando ya kijiji kwa pwani ya kusini, mtoto wake akikimbia kumfikia, na hawakurudi tena.

"Umechelewa sana kusema," Kalluk alisema alipokuwa akifunga komeo za kontena. "Lakini umesema kabla ya risasi. Hicho nacho ni kitu."

Nyumbani bibi alikuwa amemaliza kuosha vyombo. Hakupiga kelele. Alimwekea chakula mezani, akasema, "Kublu, kula."

Hakuwahi kumwita hivyo. Jina lile lilikuwa lake kabisa, lakini lilimwingia kama fimbo, na machozi yakamtoka juu ya sahani.

"Baba alifukia nyama, kweli," bibi alisema baada ya muda. "Aliifukia mbali na kambi, mwendo wa nusu siku, ili dubu akiikuta aikute huko. Hadithi uliyoipenda uliisikia yote, ukabeba nusu tu iliyokufaa." Alifuta meza. "Ndege ya voliboli itaondoka bila wewe. Na sasa hivi utakwenda kwa Tatiggaq."

Mzee Tatiggaq alifungua mlango akamtazama msichana aliyesimama mbele yake, glavu zimechanika na uso umevimba kwa kulia. Kublu aliomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga njiani, akayasahau katikati, akaanza upya.

"Umenitia aibu mbele ya kijiji," mzee alisema. "Na umeniondolea aibu mbele ya kijiji hichohicho. Sijui nikupige au nikupe chai." Alifikiri kidogo. "Ingia. Lakini kuanzia kesho, chakula cha mbwa wangu kitatoka kontenani, na mbebaji ni wewe. Mgongo wangu umechoka zamani."

Basi Kublu akawa anakwenda kontenani kila siku baada ya shule, upepo ukimchoma usoni. Timu ikapanda ndege, ikashinda bila yeye, jambo lililomuuma zaidi kuliko kama ingeshindwa. Liitia alimletea picha, na alikuwa na adabu ya kutomcheka. Watu waliomsema Mzee Tatiggaq redioni walipiga simu tena mmoja mmoja, wengine wakijifanya wanatangaza mambo mengine kwanza. Ilipita karibu juma zima kabla bibi hajamwita Kublu baba tena, na alipomwita ilikuwa kwa jambo dogo tu, alitaka apewe sukari. Kublu aliileta sukari mbio, kopo zima.

Barafu ilikuja mwishoni mwa mwezi, baada ya baridi kali isiyo na upepo. Ilipokomaa kubeba sleji, Mzee Tatiggaq alifunga mbwa wake na kumwambia Kublu apande. Walitoka ghubani, mbwa wakivuta kwa furaha ya kufunguliwa. Mbali na pwani mzee aliwasimamisha. Kwenye theluji nyembamba juu ya barafu kulikuwa na nyayo za dubu, kubwa zimetangulia na ndogo zikifuata pembeni, zote zikielekea baharini.

"Ni wao, babu?"

"Siwezi kuapa. Ila ni jike na mtoto mmoja, na wametoka upande wa kusini." Mzee aliinama, akagusa ukingo wa unyayo kwa kidole. "Wameenda kazini."

Kublu alitazama nyayo zile. "Na mwakani barafu ikichelewa tena?"

"Itachelewa, naona. Wakubwa wanalizungumza jambo hilo mikutanoni kila mwaka, na waendelee kulizungumza, maana ni kubwa. Lakini mimi na wewe hapa tulipo hatuwezi kuigandisha bahari." Alinyanyuka taratibu, akishika kiuno. "Dubu atakaa ufukweni akisubiri, ana njaa, na sisi ndio majirani zake. Hawezi kujua kwamba mafuta yaliyofukiwa nyuma ya nyumba ni kifo chake. Sisi tunajua. Anachohitaji kutoka kwetu ni kidogo tu, Kublu. Anahitaji mtu ambaye akisema amepeleka mfuko, awe ameupeleka."

Kublu aliitikia, na safari hii hakuitikia kwa kichwa tu. "Nitaupeleka, babu," alisema, kwa sauti iliyosikika vizuri hata kwa mzee mwenye masikio mazito, naye akawaambia mbwa waondoke.